Sala ya peke yangu imekuwa maombi matupu: ninyi mnazigawaje sala zenu?

#1 Mama Dunda (mtoa mada)
Tumsifu Yesu Kristo, na Bwana asifiwe kwa ndugu wa makanisa mengine. Ninaishi Bagamoyo, ni Mkatoliki, na swali hili nimekaa nalo muda mrefu. Sala yangu ya peke yangu, ile ninayosali kabla watoto hawajaamka, imelalia upande mmoja. Nikishapiga ishara ya msalaba na kumaliza Baba Yetu, kinachofuata ni maombi mfululizo: ada ya shule, afya ya mama mkwe, marejesho ya mkopo wa kikundi, mvua. Kusifu ni maneno mawili, kushukuru ni sentensi moja, kutubu nakuahirisha hadi siku ya kitubio, na kukaa kimya mbele za Mungu hakumo kabisa. Dai langu ni hili: tumefundishwa vizuri kusali pamoja, katika misa, katika jumuiya na katika mikesha, lakini hakuna aliyetufundisha kusali peke yetu, na ndiyo maana mtu akibaki mwenyewe anabaki na mahitaji yake tu. Je, ni kweli? Na ninyi mnazigawaje sala zenu?

#2 Mwinjilisti wa Chumbageni
Dada, nakubaliana na nusu ya dai lako. Sisi Walutheri tulifundishwa jambo hili katika kipaimara, kwa kuwa Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 ina sala ya asubuhi na ya jioni kwa ajili ya mtu na nyumba yake. Kipaimara kikiisha, daftari linapotea na sala inapotea nalo.

Mwaka 1535 Martin Luther alimwandikia kinyozi wake, Peter, aliyekuwa amemwomba amwonyeshe njia ya kusali. Alimshauri achukue amri moja au sehemu moja ya Baba Yetu, kisha aipitie mara nne: kwanza kama fundisho, pili kama shukrani, tatu kama ungamo, nne kama ombi. Ona kwamba ombi ni la mwisho. Alimwambia pia kwamba kinyozi anayepiga soga huku macho yake yakitangatanga atamkata mteja pua au hata koo, na kwamba sala nayo inadai moyo wote vivyo hivyo. Ninaitumia njia hii na imenisaidia sana. Huyu ndiye Luther aliyesema kwamba akiwa na kazi nyingi hana budi kusali kwa muda wa saa tatu kwanza.

#3 Binti wa Magila
Salaam kutoka Muheza. Kwa maoni yangu, mtu hajipimii uwiano wa sala yake mwenyewe, anaupokea. Katika kitabu cha sala cha Kianglikana zaburi zote 150 zimegawanywa kwa siku 30, asubuhi na jioni. Ukizifuata, utasifu siku ambayo hukupanga kusifu, na utalia siku ambayo moyo wako umefurahi, kwa sababu kuna mwenzako mahali fulani analia. Utakutana hata na Zaburi ya 88, inayoishia gizani bila neno la faraja, na utalazimika kuisali. Mimi mwenyewe nisingeichagua kamwe. Mama Dunda, tatizo lako si kukosa mafundisho; ni kwamba kila asubuhi unaanza na maneno yako, na maneno yetu hutoka mahali panapouma.

#4 Moto wa Makorora
Bwana Yesu asifiwe. Dada wa Magila, kwa heshima yote, hapo sikubaliani nawe. Mtu anaweza kusoma zaburi kwa miaka mingi na midomo yake ikazizoea kiasi kwamba moyo haumo tena. Warumi 8:26 inasema hatujui kuomba jinsi itupasavyo, lakini Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Aliye na Roho hahitaji ratiba ya siku 30. Ninaanza kwa kuimba na ninakaa katika sifa hadi moyo ulainike. Toba inakuja yenyewe, na nikifika kwenye maombi, mengi niliyokuja nayo yameshapungua uzito. Uwiano unaletwa na sifa zikitangulia. Na Yesu alisema katika Mathayo 6:7 tusipayuke-payuke.

#5 Katekista Mstaafu
Kijana wa Makorora, umeitaja Mathayo 6:7, basi endelea hadi mstari wa 9. Baada tu ya kukataza kupayuka, Bwana aliwapa wanafunzi maneno ya kusali, na Didake, maandiko ya Wakristo wa kwanza kabisa, inaagiza Baba Yetu isaliwe mara tatu kila siku. Danieli alisali mara tatu. Petro na Yohana walipanda hekaluni saa tisa, saa ya kusali (Matendo 3:1), na Petro alipanda darini kuomba yapata saa sita (Matendo 10:9). Saa zilizopangwa hazikumzuia Roho. Hapo darini ndipo Petro alipopata maono yake.

Kwa mtoa mada: wewe unayo rozari, na rozari ina uwiano wake. Matendo yake ya kutafakari, ya furaha, ya uchungu na ya utukufu, jumla 15, yanakupitisha katika kila hali ya moyo.

#6 Msomaji wa Lushoto
Marekebisho mawili, kwa nia njema. Kwa #5: tangu Oktoba 2002 Papa Yohane Paulo II alipoongeza matendo ya mwanga, yanakuwa 20, na nyongeza hiyo inahusu hoja yetu, kwa kuwa hapo awali rozari iliruka kutoka utoto wa Yesu hadi mateso yake bila kugusa maisha yake ya hadharani. Kwa #2: habari ya saa tatu inatoka kwa Veit Dietrich, aliyekaa na Luther katika ngome ya Coburg mwaka 1530 na kuandika kwamba hakuna siku aliyopitisha bila kutoa angalau saa tatu, zile zinazofaa zaidi kwa masomo, kwa ajili ya sala. Ni ushuhuda wa mtu aliyemsikia akisali, katika miezi ambayo Luther alikaa ngomeni, mbali na nyumba yake. Mzazi wa watoto wanne asijipime kwa hiyo.

#7 Mpangaji Ngamiani
Wote mnazungumzia maneno. Mimi nina shida ya mahali. Mathayo 6:6 inasema ingia katika chumba chako cha ndani, ufunge mlango. Nimepanga chumba kimoja hapa Ngamiani. Upande mmoja wa pazia ni kitanda, upande wa pili ni sufuria, ndoo za maji na watoto waliolala mkekani. Nikipiga magoti, kichwa kinagusa mguu wa meza na mtoto wa mwisho ananiuliza nimepoteza nini. Uani kuna foleni ya choo tangu saa kumi na moja. Ninyi mnaosali kimya kwa nusu saa, mnasalia wapi? Naamini sala nyingi zimekuwa orodha kwa sababu hiyo: mtu akijua atakatizwa muda wowote, anawahi kusema yale ya haraka.

#8 Mama Dunda (mtoa mada)
#7 umenigusa kuliko wote. Sikuwa nimelifikiria jambo hilo, nami nina sebule.

#9 Binti wa Magila
Kaka wa Ngamiani, Isaka alitoka kwenda kutafakari kondeni wakati wa jioni (Mwanzo 24:63), na Bwana wetu alitoka alfajiri na mapema sana akaenda mahali pasipo na watu (Marko 1:35). Hata yeye hakuwa na nyumba yake. Makanisa mengi ya Tanga mjini hufunguliwa mchana. Ukimwomba mlinzi kwa adabu atakuruhusu ukae.

#10 Vitumbua Magomeni
Shikamoo wakubwa, marahaba wadogo. Mimi si msomi, lakini acheni niseme ninavyofanya. Ninauza vitumbua Magomeni ya Bagamoyo. Adhana ya alfajiri ndiyo inayoniamsha, na majirani zangu wanapokwenda msikitini mimi ninakwenda jikoni; huo ndio wakati wangu na Mungu, sina mwingine. Unga nimeshauchanganya tangu usiku, umeumuka. Ninapomimina katika kila shimo la chuma, namtaja mtu mmoja na haja yake. Ninapokigeuza kwa kijiti, namshukuru Mungu kwa ajili ya mtu huyohuyo, kwa jambo moja la kweli, hata kama ni mtu aliyenikosea. Hapo kwenye kugeuza ndipo penye kazi, kwa sababu huwezi kushukuru kwa ajili ya mtu halafu ukaendelea kumwombea kwa kinyongo. Chuma kina mashimo saba, na nikimaliza duru naanza na watu wengine. Mama Dunda, jaribu kuiambatanisha kila haja na shukrani yake, usiziweke mbalimbali.

#11 Mwinjilisti wa Chumbageni
Mama, marahaba zako tumezipokea, na somo lako limezidi barua yangu ya kinyozi. Wadau, huyu anatufundisha.

#12 Msomaji wa Lushoto
Naunga mkono. Ndugu Lawrence wa Ufufuko, mtawa wa Karmeli huko Paris aliyefariki mwaka 1691, alitumikia jikoni kwa miaka mingi na akasema kwamba hakuona tofauti kati ya muda wa kazi na muda wa sala. Augustino naye, katika barua yake kwa mjane Proba, anawasifu watawa wa Misri kwa sala zao za mara kwa mara lakini fupi sana, ili usikivu wa moyo usichoke kabla ya sala kuisha. Na Kanuni ya Benedikto, sura ya 20, inataka sala iwe fupi na safi. Pengine tunadai urefu mahali ambapo mapokeo yanadai marudio.

#13 Katekista Mstaafu
Nina hofu na njia hiyo ikisimama peke yake. Lawrence alikuwa mtawa. Nyuma ya jiko lake kulikuwa na kengele za sala na ndugu waliosali pamoja naye. Kati yetu, wengi wanaosema kazi yao ni sala wanaishia kubaki na kazi. Luka 5:15-16 inaeleza kwamba makutano walikuja ili waponywe, yaani kazi ilikuwapo na ilikuwa njema, naye akajiondoa akaenda kuomba. Mama wa vitumbua simsemi, kwa sababu yeye ameipa sala yake umbo. Ninawasema wasio na umbo lolote.

#14 Mpita Njia wa Kaole
Kwetu Bagamoyo mnamsahau David Livingstone. Alifariki mwaka 1874 akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake, na mwili wake ukalazwa katika mnara wa kanisa la zamani pale misheni. Mgonjwa, peke yake, usiku, bila kengele wala zaburi za siku 30. Hiyo ndiyo sala binafsi.

#15 Katekista Mstaafu
Alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Februari 1874 ndipo watumishi wake, Chuma na Susi, pamoja na wenzao walipomfikisha Bagamoyo, baada ya kumbeba kwa miguu kwa miezi mingi. Na kwa kuwa umeileta habari hii, imalize: walipouzika moyo wake kule Chitambo, mmoja wao, Jacob Wainwright, alisoma ibada ya maziko kutoka kitabu cha sala. Hawakuwa na padre wala mchungaji. Katika saa ile nzito maneno yaliyoandikwa na Kanisa ndiyo yaliyowabeba.

#16 Moto wa Makorora
Mzee wangu, habari hiyo ina pande mbili. Wainwright alisoma kitabu kwa niaba ya kundi, na ilifaa. Livingstone alipopiga magoti alikuwa na Mungu wake tu. Mtoa mada ameuliza kuhusu sala ya peke yako.

#17 Binti wa Magila
Lakini ni nani ajuaye kwamba Livingstone hakuwa akisali zaburi? Mtu aliyelelewa katika Maandiko akibaki peke yake husali kwa maneno aliyoyanywa tangu utotoni. Sala ya moyo na sala ya kitabu hazina ukuta kati yake.

#18 Aliyechoka Mikesha
Ninaomba niandike bila kutaja kanisa. Naona kuna aina ya pili ya kukosa uwiano ambayo uzi huu haujaigusa. Kwa muda mrefu nilikuwa katika kikundi cha maombi ambacho kiliupima uhai wa kiroho wa mtu kwa idadi ya mikesha. Tulikesha usiku baada ya usiku, tukifunga, na ambaye hakuja aliulizwa mbele ya wenzake amerudi nyuma lini. Mume wangu alilala peke yake, watoto walikwenda shule bila chai, na mimi nilikuwa nasinzia dukani huku nikijiona nimeshinda. Hakuna kiongozi aliyetusomea 1 Wakorintho 7:5, panaposema wenzi wasinyimane isipokuwa wamepatana kwa muda, ili wapate faragha ya kusali. Kwa muda, na kwa kupatana. Siku hizi nasali robo saa asubuhi na robo saa usiku, na mume wangu anajua saa zote mbili. Kwa hiyo ninapoulizwa kuhusu uwiano, swali langu la kwanza ni iwapo walio nyumbani kwako wana amani zaidi kwa sababu unasali.

#19 Moto wa Makorora
Pole sana dada. Mkesha usiowajali watoto si mkesha wa Roho, na walioulizana mbele za watu walikosea. Nasema hivyo mimi ninayeipenda mikesha, na Bwana mwenyewe alikesha usiku kucha katika kuomba (Luka 6:12). Kesho yake aliwachagua mitume kumi na wawili. Alikesha kwa sababu mahususi.

#20 Mwalimu wa Kwaya Korogwe
Nimesoma tangu mwanzo. Mnatafuta uwiano ndani ya nusu saa moja, kana kwamba kila asubuhi lazima iwe na sifa, toba, shukrani, maombezi na ukimya kwa vipimo sawa. Kanisa halikupanga hivyo. Kanisa lina mwaka. Kwaresima tunatubu kwa siku 40, Pasaka tunashangilia hadi Pentekoste, Majilio tunangoja. Sala ya mtu nayo ina majira: anayeuguza mtoto ataomba, na aombe tu, hana deni la kusifu kwa dakika kumi kwanza. Mama Dunda, unaeleza ada, ugonjwa na mkopo. Pengine sala yako haijapinda. Uko katika majira ya kuomba.

#21 Mama Dunda (mtoa mada)
Mwalimu, maneno yako yananifariji, lakini yananitia wasiwasi pia. Majira haya hayajaisha tangu niolewe. Mahitaji ya nyumba hayana Pasaka. Nikingoja yapungue ndipo nisifu, sitasifu.

#22 Msomaji wa Lushoto
Hapo ndipo ninapoona faida ya kuchunguza dhamiri kwa utaratibu wa Ignasio wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti. Watu wengi hudhani ni kuhesabu dhambi, lakini katika Mazoezi yake ya Kiroho, yaliyoidhinishwa na Papa mwaka 1548, hatua ya kwanza ni kushukuru kwa mema uliyoyapokea. Ndipo unaomba mwanga, unaipitia siku saa kwa saa, unaomba msamaha, na kuazimia kuhusu kesho. Hufanyika jioni kwa dakika chache. Basi asubuhi waachie watoto na mkopo, Mama Dunda, na jioni uwe na sala ambayo haina ombi la mahitaji ya nyumba.

#23 Mpangaji Ngamiani
Nimejaribu ushauri wa #9. Mlinzi aliniruhusu. Nilikaa kimya, na mawazo yakaja yote: kodi, pikipiki, ugomvi wa jana. Nikatoka nimechoka kuliko nilivyoingia. Sasa hapo mnasemaje? Ukimya nao una kazi gani kama unajazwa na yaleyale?

#24 Binti wa Magila
Teresa wa Avila, ambaye Kanisa Katoliki linamwita mwalimu wa sala, aliandika kwamba kwa miaka kadhaa alikuwa akitega sikio asikie saa ikigonga, akitamani muda wa sala uishe. Aliandika pia kwamba kipindi alichoiacha sala binafsi, akijiona hastahili, ndicho kilichomdhuru zaidi. Rudi tena kesho.

#25 Mwinjilisti wa Chumbageni
Naongeza jambo la vitendo. Usikae kimya mikono mitupu. Chukua mstari mmoja, hata ule wa Zaburi 70 unaoomba Mungu afanye hima kutusaidia. Yohane Kasiano, mtawa wa kale, anaeleza kwamba watawa wa jangwani waliusali mchana na usiku katika kila hali. Wazo la kodi likija, usali mstari huo juu ya kodi. Hapo kodi yenyewe imekuwa sala.

#26 Mjukuu wa Mkonge
Kuhusu mikono mitupu: babu yangu alikuwa mkata mkonge katika shamba mojawapo kati ya Pongwe na Muheza. Alisokota rozari yake kwa nyuzi za katani, mafundo badala ya shanga. Ninayo hadi leo. Mafundo ya Salamu Maria yamelainika na kung'aa, lakini yale makubwa ya Baba Yetu bado yanakwaruza kidole, na bibi alituambia aliyaacha hivyo makusudi ili akisinzia yamwamshe. Katika maelezo yote ya uwiano humu ndani sijaona mtu akiutaja mwili. Mtu aliyekata mkonge kutwa nzima hashindwi kusali kwa kukosa mbinu. Anashindwa kwa usingizi. Babu alisali akitembea uani.

#27 Aliyechoka Mikesha
#26, hilo la mwili ni kweli tupu. Nilipoanza kulala vya kutosha, nilikuta nina jambo la kumshukuru Mungu.

#28 Katekista Mstaafu
Kabla uzi haujaenda mbali, kuna sababu nyingine ambayo hakuna aliyeitaja. Sala hugeuka orodha pale ambapo mtu anaomba kwa ajili ya watu asiowatembelea. Yakobo 2:15-16 inamkemea anayemwambia ndugu aliye uchi aende zake kwa amani, akaote moto, bila kumpa kitu. Mwombee mama mkwe, kisha nenda ukamwogeshe. Orodha yako itakuwa fupi, na itakuwa na uso.

#29 Mama Dunda (mtoa mada)
Katekista, huyo mama mkwe naishi naye, na ninamwogesha kila siku. Orodha haijawa fupi.

#30 Vitumbua Magomeni
Basi dada, unapomwogesha, usimwombee. Mshukuru Mungu kwa ajili yake hapohapo, maji yakiwa mkononi. Maombi yake yafanye asubuhi.

#31 Muuguzi wa Zamu
Habari za usiku. Nafanya kazi wodini hapa Tanga, kwa zamu. Ushauri wote humu unaanza na alfajiri, lakini alfajiri yangu mara nyingi ni saa ya kukabidhi wodi, na ninaporudi nyumbani saa mbili asubuhi macho hayafunguki. Je, nisali masifu ya asubuhi wakati ninakwenda kulala?

#32 Binti wa Magila
Hapana, sali sala ya kabla ya kulala hata kama jua limechomoza, na ukiamka saa nane mchana ndiyo asubuhi yako. Zaburi ya 134 inawaita watumishi wa Bwana wanaosimama usiku; isali wodini wagonjwa wakitulia.

#33 Katekista Mstaafu
Mimi ningemshauri kinyume. Asubuhi ya Kanisa ni moja, na unapotoka zamu wengine wanasali masifu. Ungana nao hata kwa zaburi moja ukiwa njiani, ndipo ulale. Usijitengenezee saa zako peke yako.

#34 Muuguzi wa Zamu
Nashukuruni nyote. Zaburi ya 134 nitaianza zamu hii. Hilo la asubuhi nitamuuliza padre wangu, maana ninyi wawili hamjakubaliana.